Fildi za fomu zisichezewe: brauza, fildi ya kuficha, saini au seva? Nimezijaribu zote, hivi ndo nnavoziona

Nianze na boti mana ndo ilonifanya niandike haya yote. Kuna mzee mmoja hapa mjini ana boti mbili, anapeleka wageni Changuu kuwaona kobe na siku nyengine Mnemba kuogelea na samaki, mie nikamtengenezea fomu ya buking, fomu yenyewe ndogo tu, jina, simu, tarehe, watu wangapi, safari ipi, na chini kabisa jumla ya dola inajihesabu yenyewe kwa JavaScript kila mgeni akibadilisha idadi ya watu. Ilikuwa inapendeza wallahi. Asubuhi moja ananipigia simu. "Fundi, hebu njoo utizame, kuna watu wanne wamebuku Changuu wamelipa dola moja." Nikamwambia labda upande wa malipo ndo umekosea ami. Akanambia, "Hakuna kilokosea mwanangu, risiti imeandikwa dola moja na wenyewe washakaa ndani ya boti."

Nikafungua laptop, nikaingia kwenye ukurasa wangu mwenyewe kama mgeni, nikabonyeza F12, kitufe kinachofungua HTML ya ukurasa ndani ya brauza, nikaitafuta bei. Hii hapa:

<input type="hidden" name="jumla" value="140">

Watu wanne mara dola 35, sawa, 140. Nikabonyeza mara mbili juu ya 140, nikafuta, nikaandika 1, nikatuma. Haikufika nusu dakika. Seva yangu ikaipokea ile 1 kwa mikono miwili, ikaipeleka kwa watu wa malipo, na ukurasa ukanambia ahsante kwa kubuku nasi. Kha!

Tangu siku ile nimepita karibu kila njia ya kulinda fomu, na vijana wanaoanza kazi hizi hawaachi kuniuliza ipi bora. Tabu ni kwamba huko mitandaoni watu wanazimimina zote bakuli moja kama urojo, wakati kila moja ina kazi yake na mbili katika hizo si ulinzi hata kidogo.

Tuanze na ukaguzi wa brauza, zile required, min, max, maxlength, pattern unazozitia kwenye HTML, pamoja na JavaScript yako inayompigia mtu kelele akisahau namba ya simu. Hii mie naipenda na sijawahi kuiacha. Mgeni yuko Paje, mtandao unakwenda unarudi, kaandika tarehe ya jana, basi mwambie palepale kuliko asubiri seva imjibu baada ya dakika nzima ndo ajue kakosea. Lakini kwa hesabu ya ulinzi ni sifuri. Anaetaka kucheza anafuta ile max kwa F12, au anaongeza neno novalidate kwenye tegi ya form na ukaguzi wote wa HTML unalala, au anazima JavaScript, au (na hii ndo wengi hawaifikirii) haifungui fomu yako kabisa, anatumia programu za kutuma maombi bila brauza, kama curl au Postman, anaituma data moja kwa moja kwenye anwani yako. Seva haina njia ya kujua kama ombi limetoka kwenye fomu yako nzuri au kwa mtu kakaa barazani na laptop yake anabuni namba.

Njia ya pili ni kuficha au kufunga fildi: hidden, readonly, disabled. Hizi watu wanazichanganya sana kwa hiyo tuziweke sawa. Fildi ya hidden haionekani kwenye ukurasa lakini imo ndani ya HTML kwa kila mtu, na inatumwa. Ya readonly inaonekana, haiandikiki, na inatumwa. Ya disabled inaonekana, haiandikiki, na haitumwi, ndo mana unakuta mtu usiku wa manane anauliza kwa nini seva yake inapata tupu. Kinachozifanya zote tatu kuwa kitu kimoja ni kwamba neno lenyewe linafutika kwa F12. Ukifuta disabled fildi inaanza kutumwa kama kawaida, na kama seva yako inaisoma ikija basi ishapokea.

Fikiria kituo cha kununulia karafuu kule Pemba. Mkulima anakuja na gunia lake, karani anampa kikaratasi na kalamu anamwambia andika kilo mwenyewe, kisha analipwa kwa kile alichoandika, gunia halijapanda mizani. Hakuna karani wa hivo duniani, lakini fomu za hivo ninaziona kila wiki.

Na hapa kuna majibu mawili nnayojibiwa kila siku. La kwanza, "lakini mie nna HTTPS". HTTPS inailinda njia baina ya brauza na seva asije mtu wa kati akasoma au kubadilisha, sasa anaekuchezea wewe hayuko kati, yeye ndo mwenye brauza. La pili, "nimeweka tokeni ya CSRF". Hiyo inazuia tovuti nyengine isimtumie mteja wako kutuma ombi bila yeye kujua. Mteja mwenyewe akiamua kubadilisha bei, tokeni yake ni halali kabisa, inapita. Na yule aliegeuza bei kwa base64, namna tu ya kuandika kitu kwa herufi nyengine, akaiita fildi x7 ili watu wasijue, nacheka tu, base64 inafunguliwa na kila mtu.

Sasa tufike kwenye ushindani wa kweli, mana njia mbili zinazobaki zote zinafanya kazi na hapo ndo kuna kuchagua: kuitia saini fildi, au kutoiweka kwenye fomu kabisa, ikae kwenye seva.

Saini kwanza. Wazo ni kwamba seva inatuma bei kwenye fildi ya hidden kama zamani, lakini pembeni yake inatuma na fildi nyengine yenye saini iliyopigwa kwa ufunguo wa siri ambao hautoki kwenye seva. Fomu ikirudi, seva inapiga saini upya na kulinganisha. Mtu akibadilisha 140 ikawa 1 saini hazilingani, ombi linatupwa. Kitu kinaitwa HMAC, kimeandikwa rasmi tangu 1997 kwenye RFC 2104, si mambo mapya. Kwa PHP, lugha nnayoandikia seva, ni mstari mmoja:

$saini = hash_hmac('sha256', json_encode([$namba, $safari, $bei, $mwisho]), $ufunguo);

Inarudi, unailinganisha kwa hash_equals, usitumie alama za sawasawa za kawaida, mana ulinganisho wa kawaida unaacha mara tu ukikuta herufi isiyolingana na mtu mwenye subira anaweza kujifunza kitu kutokana na ule muda.

Uzuri wake ni kwamba seva haikumbuki chochote. Fomu ya kurasa nyingi, kiungo unachomtumia mteja kwa WhatsApp akalipe kesho, seva tatu zinazopokezana kazi, kote huko saini inafaa. Lakini ina mitego na mie nimeingia karibu yote.

Kwanza kabisa, hashi tupu bila ufunguo, yani ile alama ambayo kila mtu anaweza kuipiga kutokana na maandishi, si saini. Nimeona mtu kaweka sha256 ya bei kwenye fildi ya pili akatulia. Basi na mie napiga sha256 ya 1 naiweka, kwisha. Halafu usiunganishe maneno hivihivi bila kitu cha kuyatenga, safari 1 bei 235 na safari 12 bei 35 zote zinatoka 1235 na saini ni ileile, ndo mana pale juu nimetumia json_encode, inayoyaandika kama orodha yenye mikato. Na hiyo json_encode nayo ilinila jioni nzima: wakati wa kutuma bei ilikuwa namba, 35, iliporudi kutoka kwenye fomu ikawa maandishi, "35", saini zikakataa kulingana kwa wateja wote, waongo na wakweli. Igeuze iwe namba kabla ya kupiga saini na wakati wa kuhakiki, kotekote.

Mtego mbaya zaidi ni kutumia saini ya zamani. Msimu wa masika wageni ni wachache, mzee anashusha bei mpaka 25. Mtu anafungua fomu mwezi wa tano, anaihifadhi pamoja na saini yake, mwezi wa saba mji umejaa bei imerudi 35, yeye anaituma ile yake ya 25. Saini ni halali kabisa, wewe mwenyewe ndo ulieipiga. Ndo kazi ya ile $mwisho, muda ambao saini inakufa, na ile $namba inayoifunga na buking moja tu isitumike mara mbili. Na kumbuka saini haifichi kitu, mtu bado anaisoma, usiweke humo faida yako au bei ulonunulia.

Njia ya seva. Hapa fomu haina bei kabisa. Inatuma safari ipi na watu wangapi, seva inakwenda kwenye databesi inaitizama bei ya Changuu, inazidisha, inapata 140. Mtu akituma jumla=1 hakuna anaeisoma. Kwangu mie hii ndo bora kwa asilimia kubwa ya kazi tunazofanya hapa, na si kwa sababu ina usalama zaidi kihesabu, ni kwa sababu ina mambo machache ya kukosea. Ufunguo hakuna, muda wa kufa hakuna, na kijana atakaekuja kurekebisha tovuti baada yako ataielewa kwa kuisoma mara moja.

Mwanzo niliiweka bei kwenye sesheni, kumbukumbu ya seva kwa kila mgeni alieko kwenye tovuti. Usifanye hivo, au ifanye kwa uangalifu. Mgeni anafungua Changuu kwenye tabu moja ya brauza na Mnemba kwenye tabu nyengine alinganishe, sesheni ni moja, Mnemba inaifuta Changuu, anarudi tabu ya kwanza analipa, kalipia Mnemba bila kujua. Hakuna aliechezea kitu hapo, ni mie tu. Nikahamia kwenye safu ya databesi: mgeni akibonyeza endelea, seva inaandika oda yenye hali ya kungoja, ndani yake safari, watu, bei ya wakati ule, na sarafu. Bei ikipanda baina ya kubuku na kulipa, oda inabaki na bei alooneshwa mgeni, hakuna ugomvi pwani.

Nimesema sarafu kwa makusudi. Rafiki yangu mmoja alihesabu bei vizuri kwenye seva lakini sarafu akaiacha kwenye fildi ya kuchagua, dola au shilingi. Mtu kalipa 140 kamili kama alivotakiwa. Shilingi.

Na malipo yakithibitishwa, yale matangazo ambayo kampuni ya malipo inayatuma kwenye seva yako, hakiki saini yao, kisha linganisha kiasi na sarafu na oda yako, usiangalie neno "imefanikiwa" peke yake ukampa mtu tiketi.

Sasa ukishachagua seva usidhani umemaliza, mana idadi ya watu lazima itoke kwa mgeni, hiyo huna pa kuitizama. Hapa ndo uhakiki wenyewe unapoanza, na hapa ndo nlipigwa mara ya pili. Tuliongeza fildi ya watoto, dola 20 kila mmoja. Bei inahesabiwa kwenye seva, mie nimelala usingizi. Mtu akatuma watu wazima 4, watoto -6. Hesabu mwenyewe: 140 kutoa 120, dola 20. Seva ilihesabu sawa kabisa, hakuna bei ilochezewa, ila hakuna mtu aliemzaa mtoto hasi.

Kwa namba za PHP kuna wanaotumia is_numeric na wanaotumia filter_var ya FILTER_VALIDATE_INT yenye min_range na max_range. Chagua ya pili. is_numeric inakubali -6, inakubali 2.5, inakubali hata 1e3 ambayo ni elfu moja, na boti ya mzee inapakia kumi na mbili. Ya pili inazikataa zote ukiipa mipaka, 0 mpaka 12. Na usisahau mipaka ya pamoja, wazima 12 na watoto 12 kila fildi peke yake iko sawa, boti ndo haiko sawa.

Kwa fildi ya kuchagua kutoka kwenye orodha mambo ni hayohayo, ile select haimzuii mtu kutuma jina ambalo halimo. Kuna wanaoandika orodha ya vilivokatazwa na wanaoandika orodha ya vinavoruhusiwa. Orodha ya vilivokatazwa haina mwisho, achana nayo. Andika vinavoruhusiwa, na kwa in_array tia ile true ya mwisho ulinganishe na aina pia, hasa kama seva yako bado ina PHP ya zamani, mana kabla ya PHP 8 iliyotoka 2020, 0 na neno lolote lisiloanza na namba vilihesabiwa kuwa sawa.

Kuna mjadala pia, ukikuta thamani mbaya uikatae au uirekebishe? Wapo wanaoigeuza -6 kuwa 6 au kuwa 0 kimyakimya. Mie nakataa na kumrudishia fomu na ujumbe wa wazi. Kupunguza nafasi mwanzo na mwisho wa jina sawa, lakini idadi ya watu kuibadilisha bila mwenyewe kujua ndo unapata familia ya watu sita imelipia nafasi ya wanne.

Wanaotumia Laravel, Rails na jamaa zao, zile fremu za kujengea tovuti haraka, wana mtego wao peke yao: kuchukua kila kilichotumwa na kukimimina kwenye jedwali. Fomu ina jina na simu, mtu anaongeza fildi ya tatu, ni_admin=1, nayo inaingia. Si hadithi za kutisha watoto, Machi 2012 mtaalamu mmoja wa programu, Egor Homakov, alifanya hivo GitHub yenyewe, pale watu wanapoweka kodi za programu zao, akaongeza ufunguo wake kwenye mradi wa Rails kwa njia hii. Laravel ina $fillable, orodha ya fildi zinazoruhusiwa kuingia, na bora zaidi chukua kile kinachotoka kwenye validated() peke yake kuliko all().

Databesi nayo ina vizuizi vyake, NOT NULL, funguo za kigeni, CHECK ya watoto wasipungue 0. Viweke kama ukuta wa mwisho, ujumbe wake wa makosa haufai kuoneshwa mgeni. Ila tizama toleo, MySQL kabla ya 8.0.16 inaisoma CHECK inanyamaza haifanyi lolote, na hosti za bei rahisi bado ninazikuta na matoleo ya zamani.

Sasa uchague ipi. Kama ni buking, duka, kitu chochote chenye bei: oda kwenye databesi, fomu itume namba ya safari na idadi, basi. Kama ni kiungo cha kutuma kwa simu, kubadilisha nywila, kuthibitisha barua pepe, au seva nyingi zisizogawana kumbukumbu: saini yenye muda. Ukaguzi wa brauza weka kote kwa ajili ya watu waungwana, ambao ndo wengi.

Kuna aina moja ya kazi ambayo hapo juu hakuna kilichoitosha. Maalim mmoja wa skuli kule Wete aliniomba fomu ya kuingiza alama za mitihani. Nikamwambia, "Maalim, alama zitakuwa 0 mpaka 100, seva itahakiki." Akanitizama akaniuliza, "Na mwalimu wa darasa jengine akiandika 90 kwa mtoto wa darasa langu?" Nikanyamaza. 90 ni namba nzuri tu, imo ndani ya mipaka, na namba ya mwanafunzi kwenye fildi ya hidden ni namba ya mwanafunzi wa kweli, imo kwenye databesi. Uhakiki wa thamani unapita wote. Kinachokosekana ni kuuliza aliengia sasa hivi ana ruhusa ya huyu mtoto au hana, na hilo halipo kwenye HTML wala kwenye min_range, ni swali la databesi linalomtafuta mwanafunzi kwa namba yake NA kwa darasa la mwalimu alieko kwenye sesheni, asipopatikana jibu ni hakuna. Ni kosa hilohilo la mtu anaebadilisha buking 1041 kuwa 1042 akaona pasipoti ya mgeni mwengine, na OWASP, jumuiya ya usalama wa tovuti, kwenye orodha yao ya hatari ya 2021 wameiweka jamii yake nambari moja. Kama unafanya kazi za skuli, zahanati, au ofisi yoyote yenye taarifa za watu, anza hapo kabla ya yote nliyoyasema.

Fomu ya mzee wa boti sasa haina fildi ya jumla, ile 140 mgeni anayoiona ni maandishi tu kwenye ukurasa. Lakini kwenye logi bado naziona zinakuja, jumla=1, jumla=5, juzi mmoja kaandika jumla=0.01. Seva inamfungulia ukurasa wa kulipa 140.